Kurudi, Kurudishwa, Kurudia: Historia ya Safari ya Shambani katika Msamiati wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mtafiti anayezunguka katika vijiji vya Tanzania akiwa na dodoso mkononi hulisikia jibu moja mara nyingi. Humuuliza mwenyeji wake, "Unafanya kazi gani?" Naye hujibiwa, "Sina kazi, nalima tu." Jibu hili hutolewa na mtu aliyeamka kabla ya jua kuchomoza, akapalilia mahindi mpaka jua la utosi, na ambaye jioni atarejea tena kondeni. Kwa mwanaisimu, neno lenye uzito mkubwa katika sentensi hiyo ni lile lililo dogo kuliko yote, yaani tu. Kidahizo hicho cha silabi moja kinaishusha kazi kongwe kuliko zote katika jamii za Kibantu na kuifanya isiwe kazi.

Mhadhara huu unakusudia kuonesha jinsi hali hiyo ilivyotokea, na athari zake kwa kundi moja la watu ambalo halijaandikwa vya kutosha katika historia yetu: wale walioacha jembe wakaenda kufanya kazi nyingine, kisha baada ya miaka mingi wakalishika tena. Ninawakusudia manamba aliyemaliza mkataba, kijana aliyekamatwa mjini, karani aliyepunguzwa kazini na mwalimu aliyestaafu. Wote hao tumezoea kusema kuwa "wamerudi shamba". Dai langu ni kwamba kitenzi hiki kimoja kimefunika safari tatu zilizo tofauti, na kwamba tusipozitenganisha hatuwezi kuielewa historia ya kilimo chetu wala kuwatendea haki wanaohusika. Safari hizo nitaziita kurudi, kurudishwa na kurudia.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tuitazame hazina yenyewe ya maneno. Mzizi -lim- ni wa Kibantu asilia, na unapatikana katika lugha nyingi kuanzia Kamerun hadi Afrika Kusini. Vivyo hivyo panda, vuna, palilia na mbegu ni maneno tuliyorithi. Lakini tukiingia katika uwanja wa kazi ya kulipwa, hali hubadilika. Ajira na ujira ni maneno yenye asili moja ya Kiarabu. Mshahara nao umetoka Kiarabu, katika neno lenye maana ya mwezi. Kwa hiyo mshahara kwa asili yake ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Staafu ni Kiarabu. Pensheni na namba ni Kiingereza. Kwa jumla, lugha yetu ilirithi maneno ya kulima na ikakopa maneno ya kuajiriwa. Kukopa si dhambi, na Kiswahili kimestawi kwa kukopa. Hata hivyo mpaka huu wa kimsamiati ndio ambao watu wa karne ya ishirini walitakiwa kuuvuka, kwenda na kurudi.

2.0 Kurudi: kibarua, kipande na manamba

Neno kibarua ni barua ndogo. Katika Zanzibar na pwani ya karne ya kumi na tisa, mtu aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na kwa karatasi hiyo akalipwa. Baada ya muda jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Leo tunasema "amepata kibarua" na pia "yeye ni kibarua", bila kukumbuka karatasi iliyokuwa mwanzo wa yote.

Mkondo huohuo unaonekana katika neno kipande. Utawala wa Kijerumani huko Usambara ulianzisha mwaka 1907 utaratibu wa kadi uliomlazimu mwanamume kuwafanyia kazi walowezi kwa siku 30 katika kila kipindi cha miezi minne. Wakati wa Waingereza, kipande katika mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: kila siku iliyokamilika iliwekewa alama, na malipo yalitolewa kadi ilipojaa. Siku ambayo mtu hakumaliza sehemu aliyopimiwa haikuhesabiwa. Nchini Kenya neno hilohilo lilichukua maana nyingine, yaani cheti cha utambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aghalabu kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni.

Mkonge wenyewe uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea Tanga, Morogoro na Kilosa. Wenyeji wa maeneo hayo waliokuwa na ardhi na mazao yao hawakuona sababu ya kuwaacha wake na makonde yao ili kukata mkonge wa mtu mwingine. Kwa hiyo nguvu ya kazi ilitafutwa mbali: Rungwe, Njombe, Songea, Kigoma, na hata ng'ambo ya mipaka, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, naye akaitwa manamba.

Neno manamba linastahili kutuliwa macho. Kiambishi ma- ni cha kawaida katika majina ya watu yaliyokopwa, kama vile makarani na madereva. Lakini karani na dereva ni majina ya watu tangu mwanzo. Namba ni jina la kitu. Hapa kitu kimempa mtu jina, kisha sarufi ya Kiswahili ikamrudishia ubinadamu kwa njia ya upatanisho, kwa maana tulisema "manamba wamefika", hatukusema "manamba yamefika". Sarufi ilikuwa na huruma kuliko daftari la mwajiri.

Kwa nini manamba alirudi? Maelezo ya kawaida ni kwamba alipenda kwao, na hilo ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine iliyo nje ya mapenzi. Ujira wa mkongeni ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia. Mke, watoto na wazee walichukuliwa kuwa wanajilisha kwa jembe huko walikobaki. Mfanyakazi alipougua, alipozeeka au bei ya mkonge ilipoanguka, mahali pa kumtunza palikuwa kijijini kwake. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mwaka 1929: bei ya mkonge katika soko la dunia iliporomoka, waajiri wakashusha ujira na kupunguza watu, na serikali ikaanzisha kampeni ya kuwahimiza Waafrika wapande mazao mengi zaidi. Kurudi kulikuwa sehemu ya hesabu ya mwajiri hata kabla ya mtu kuondoka kwao. Shamba la nyumbani ndilo lililokuwa bima ya mfanyakazi, na aliyeilipia bima hiyo kwa jasho lake alikuwa mwanamke aliyebaki.

Kinyume cha kurudi katika lugha ya wakati ule kilikuwa kulowea, yaani kuhamia ugenini moja kwa moja. Wapo waliolowea Muheza, Korogwe na Kilosa, nao wazao wao ni wenyeji wa huko hadi leo. Lakini aliyerudi alirudi na kitu: nguo, baiskeli, fedha za kodi na za mahari. Safari yake ilikuwa na mwanzo na mwisho, na kijiji kilikuwa na desturi za kumpokea. Kwa sababu hiyo safari hii ya kwanza, pamoja na ukatili wa mazingira yake, naiita kurudi kwa maana kamili. Mrudi ndiye mtenda katika sentensi.

3.0 Kurudishwa: kutoka mhuni hadi Nguvu Kazi

Sarufi ya Kiswahili humwezesha mzungumzaji kumwondoa mtenda katika nafasi yake kwa viambishi viwili tu. Rudi hunyambuliwa kuwa rudisha, na rudisha kuwa rudishwa. Aidha, yafaa tukumbuke kwamba rudi ina maana nyingine ya kale, pale inapochukua yambwa: kumrudi mtoto ni kumwadibu. Maana hizi mbili, kurejea na kuadibu, zilikutana katika siasa ya miji.

Mji wa Dar es Salaam ulikua haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoipa mamlaka ya kuwaondoa mijini Waafrika iliowaona hawatakiwi. Waliokuwa hawana ajira ya kudumu waliitwa wahuni, neno ambalo tangu zamani lilimhusu mtu asiye na makao wala jamaa wa kumdhamini. Mwanahistoria Andrew Burton ameieleza historia hiyo kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 2005. Kwa upande wa lugha jambo la kuzingatia ni hili: sheria iligeuza neno la maadili kuwa neno la kiutawala. Mtu aliitwa mhuni kwa kukosa mwajiri, wala si kwa mwenendo wake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wengi walitarajia kwamba mtazamo huo ungetoweka. Haukutoweka, bali ulibadilishiwa hoja. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliitangaza kazi kuwa wajibu wa kila mtu na kilimo kuwa msingi wa maendeleo. Mwaka 1972, huko Iringa, chama cha TANU kilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1974 ikafuata kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Misemo hii ilimpa mkulima heshima ambayo hakuwa ameipata katika lugha ya kikoloni, nasi tusiidharau. Neno mkulima liliunganishwa na mfanyakazi, na jembe na nyundo vikawekwa pamoja katika bendera ya chama. Lakini heshima hiyo ilikuwa na pacha wake. Kama kila mtu ana wajibu wa kulima, basi asiyelima wala kuajiriwa ni mkosaji, na mkosaji hurudiwa.

Ushahidi mmoja wa kipindi hicho umehifadhiwa katika jina la mahali. Mapema katika miaka ya 1970 baadhi ya watu wasio na ajira jijini Dar es Salaam walipelekwa kuanzisha kijiji cha ujamaa upande wa pili wa bandari, karibu na makazi ya kale ya Mbwamaji. Kijiji hicho kiliitwa Gezaulole, maneno ya Kizaramo yenye maana ya "jaribu uone". Majina mengi ya vijiji vya ujamaa yalikuwa ya matumaini au ya kumbukumbu. Jina hili linaning'inia kati ya mwaliko na tahadhari. Wanafunzi wa elimu ya majina wangefaa kulichunguza zaidi.

Operesheni ziliongezeka. Mwaka 1976 ilikuja Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia matumizi ya nguvu ya kazi, na utekelezaji wake ukajulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Watu walikamatwa mitaani, wakaandikishwa na kupelekwa mikoani kwao au kwenye mashamba. Wengi wao walirejea mjini kabla ya msimu kwisha. Walikuwa wamepelekwa mashambani bila mbegu za kutosha, bila nyumba, na mara nyingine mahali wasipokuwa na jamaa hata mmoja.

Lakini lugha haikukubali kubaki pale ilipowekwa. Ili kuwatambua wenye shughuli halali, mamlaka zilianza kutoa leseni kwa wafanyabiashara wadogo, na Aili Mari Tripp ameonesha jinsi kampeni hiyo ilivyoishia kuihalalisha biashara ndogo ndogo iliyokusudia kuizuia. Wananchi wakaziita karatasi hizo leseni za nguvu kazi. Hivyo neno lililobuniwa kumwondoa mtu mjini likawa jina la karatasi iliyomruhusu kubaki. Hii ni njia ileile ya kibarua na kipande, ila mwelekeo wake umegeuzwa: safari hii aliyeligeuza neno ni mtawaliwa.

Kwa ulinganisho, nchini Kenya Jomo Kenyatta alitoa mwaka 1964 wito uliojulikana kama "Turudi mashambani". Kitenzi chake kimo katika nafsi ya kwanza wingi: msemaji amejijumuisha na wasemwa. Wito huo haukuwa na operesheni nyuma yake kama ya Tanzania. Lakini nao ulificha swali kubwa, yaani, turudi katika mashamba ya nani? Maelfu ya Wakenya hawakuwa na ardhi, kwa kuwa ilitwaliwa na walowezi, na baada ya uhuru sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliuzwa kwa waliokuwa na uwezo wa kuinunua. Nafsi "tu-" inaweza kuwajumuisha watu katika sentensi bila kuwajumuisha katika ramani ya ardhi.

Tanzania Bara nayo ilikuwa na swali lake. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya wakulima walihamishwa kutoka makazi yao ya asili hadi katika vijiji vilivyopangwa. Mahali walipoondoka pakawa mahame. Neno hili, lililonyambuliwa kutoka hama, lina maana ya makazi yaliyoachwa, nalo lilipata matumizi mapya katika miaka ya 1980 watu walipoanza kurejea kwenye mahame yao na kuwakuta wengine wamegawiwa. Mtu aliyekuwa mjini wakati wote huo alirudi akakuta kwamba kijiji nacho kilikuwa kimekwenda safari. Migogoro iliyotokea ilikuwa miongoni mwa sababu za kuundwa, mwaka 1991, kwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, na hatimaye kwa sheria mbili za ardhi za mwaka 1999.

4.0 Kupunguzwa na kustaafishwa

Mwaka 1986 Tanzania iliingia katika mpango wa kufufua uchumi kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, na maelfu ya watumishi wa serikali na wa mashirika wakaachishwa kazi. Kipindi hiki kilizaa msamiati wake. Ubinafsishaji ulisikika masikioni mwa wengi kuwa jirani wa ubinafsi, na ujirani huo haukuisaidia sera. Lakini neno lililowagusa watu majumbani lilikuwa kupunguzwa.

Mkulima analijua vizuri neno hilo. Mahindi au mtama vikiota vimesongamana, hupunguza miche: huacha ule wenye nguvu, na mwingine huung'oa na kuutupa kando ya tuta. Upunguzaji ni kazi ya busara kwa sababu shamba hupimwa kwa mavuno yake, na mche uliong'olewa hauulizwi maoni. Aliyepunguzwa kazini, kwa upande wake, hakubaki kando ya tuta. Alikuwa na nyumba ya kupanga, watoto shuleni na wazazi waliomtegemea. Ofisi ilipomwondoa katika orodha ilimhesabu kuwa tatizo lililokwisha, nalo tatizo likapanda basi la mkoani.

Neno la pili ni kustaafu. Kiarabu asilia cha neno hili kina maana ya kuomba kuondolewa wajibu. Mstaafu, basi, ni mtu aliyeomba kupumzika. Kiswahili cha kiutumishi kimelinyambua mpaka likawa kustaafishwa, na sheria ikaongeza "kwa manufaa ya umma". Kimantiki, kustaafishwa ni kuombeshwa: kufanywa uonekane umeomba kile ambacho hukukiomba. Katika utumishi wa umma wa Tanzania mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Kwa mwenye afya, huo si umri wa kukaa kivulini, na kwa wengi kipato hakiruhusu. Ndipo jembe hutafutwa.

Neno la tatu, ambalo kwangu ni miongoni mwa tamathali bora za Kiswahili cha kisasa, ni kiinua mgongo. Malipo ya mkupuo anayopewa mtu amalizapo utumishi yamechorwa kwa taswira ya mtu aliyeinama siku nzima, na ambaye sasa anaweza kujinyoosha. Anayejua kuinama ni mkulima. Karani hukaa kitini. Hata hivyo lugha ilipotafuta picha ya kazi yote ya maisha, iliipata shambani. Na kuna kinaya hapa: fedha ya kuinua mgongo ndiyo ambayo wengi huitumia kununulia ekari mbili au tatu, kisha wakainama upya. Kwa hiyo mjadala mkali wa kikokotoo uliozuka mwaka 2018, kuhusu sehemu ya mafao itakayolipwa kwa mkupuo, haukuwa mjadala wa wahasibu pekee. Kwa mtumishi aliyepanga kurudi shamba, kiasi hicho ndicho mtaji wake: nyumba, mbegu, mbolea na msimu wa kwanza wa kukosea.

5.0 Kurudia: elimu ya msimu na walioibakiza

Nimetaja msimu wa kwanza wa kukosea, na hapa ndipo tunaifikia safari ya tatu. Kurudia ni kufanya tena, na pia ni kupitia tena jambo ili kulijua, kama mwanafunzi anavyorudia somo. Sera nyingi, za kikoloni na za baada ya uhuru, zilichukulia kwamba mtu aliyezaliwa kijijini ana kilimo ndani ya damu yake. Kinachotakiwa ni kumfikisha tu. Uzoefu wa waliorudi unakanusha hilo.

Tofauti ya kwanza ni ya wakati. Mwenye mshahara huhesabu maisha kwa mwezi, kama asili ya neno lenyewe inavyoeleza. Mkulima huhesabu kwa vuli na masika. Mwezi una mwisho unaojulikana. Masika yanaweza kuchelewa wiki tatu, au kuja kwa kishindo na kukatika. Aliyezoea kwamba kazi iliyofanywa hulipwa hukutana na hali ambamo kazi imefanywa sawasawa na malipo hayakuja. Hii ni elimu, nayo haipatikani kwa kupanda basi.

Tofauti ya pili ni ya msamiati wenyewe. Kila jamii ya wakulima ina majina ya aina za udongo, ya magugu, ya mbegu zinazokomaa mapema na zinazovumilia ukame, ya mawingu yenye mvua na yasiyo nayo. Mengi ya majina hayo yamo katika lugha za jamii na si katika Kiswahili sanifu. Mtu aliyeishi miaka thelathini mjini akizungumza Kiswahili hurudi akiwa na neno moja, udongo, mahali ambapo mama yake alikuwa na maneno sita. Asipojua majina hawezi kuuliza swali sahihi, wala kulielewa jibu analopewa.

Ni nani basi anayemfundisha? Ni yule aliyebaki, na katika sehemu kubwa ya historia niliyoieleza, aliyebaki ni mwanamke. Yeye ndiye aliyehifadhi mbegu kutoka msimu hadi msimu, akapalilia mpaka wa shamba usimezwe na jirani, akalima wakati mume au kaka alikuwa na namba ya mkongeni. Lakini Kiswahili kina neno kwa aliyekwenda, aliyelowea, aliyerudi na aliyestaafu. Hakina neno la heshima kwa aliyebaki. Mara nyingi huitwa "mama wa nyumbani", hata kama nyumba hiyo inalishwa na shamba lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo mwanamume anaporudi na kiinua mgongo chake, yule aliyelilinda shamba mara nyingi hujikuta ameshushwa kuwa msaidizi katika shamba hilohilo.

Waandishi wetu waliliona jambo hili mapema. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, Rehema anatoka katika maisha ya mji na kwenda kulima pamoja na Sulubu. Kinachowaangusha si uvivu wala ugeni wa jembe, bali madai ya wengine juu ya shamba walilolitolea jasho. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1975, Tumaini anageuka kutoka katika maisha ya starehe na kuwa mkulima mkubwa, kisha anagongana na siasa ya vijiji vya ujamaa. Riwaya hizi mbili, moja ya Visiwani na nyingine ya Bara, zinakubaliana katika jambo moja: anayeshika jembe upya hukutana kwanza na uhusiano wa watu, na udongo baadaye.

Methali nayo ina la kusema. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 ili kuonesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alifanya kazi. Lakini tukiisoma kwa jicho la mrudi, methali ina upande mwingine. Inampa mgeni siku mbili. Inatambua kwamba mtu hawezi kushika jembe mlangoni. Apumzike, ale, aoneshwe mazingira. Na jembe lenyewe hapewi na amri. Hupewa na mwenyeji, ambaye ndiye mwenye shamba, na ambaye atalima pembeni yake. Operesheni za karne iliyopita zilishika nusu ya pili ya methali na kuiacha ya kwanza.

6.0 Hitimisho

Tumeona safari tatu. Katika kurudi, mtu ni mtenda, ingawa mwajiri alikwisha kuihesabu safari yake. Katika kurudishwa, mtu ni mtendwa, na shamba ni adhabu. Katika kurudia, mtu ni mwanafunzi, na shamba ni somo lenye walimu wake. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 hadi mipango ya kuwavuta vijana katika kilimo iliyoanza miaka ya 2020, taifa limeendelea kuwaita watu shambani. Wapo walioitikia kwa mwili, na wapo waliobaki mjini wakilima kwa simu, kama wasemavyo watu kwa kejeli. Sidai kwamba wito huo ni mbaya. Ninachodai ni kwamba kila wito uulizwe maswali ambayo sarufi inatufundisha kuyauliza: nani mtenda, nani mtendwa, shamba ni la nani, na nani atafundisha?

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi mbili za haraka. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa kilimo kutoka kwa wakulima wazee, hasa wanawake, katika Kiswahili na katika lugha za jamii, na kuuingiza katika kamusi ukiwa na maana zake kamili. Kizazi cha manamba kinakaribia kwisha. Wanaolikumbuka neno kipande kwa mikono yao wamebaki wachache. Ya pili ni kuyachunguza upya maneno kama mshamba, ambalo kwa umbo lake ni mtu wa shamba tu, lakini katika matumizi ya mjini ni tusi. Kamusi haiwezi kulifuta tusi, ila inaweza kueleza limetoka wapi na kwa faida ya nani.

Nilianza na neno tu. Halikuzaliwa pamoja na jembe. Lilipachikwa baadaye, pale kazi ilipokuwa na maana ya karatasi, kadi, namba na mwisho wa mwezi, na yule asiye na vitu hivyo akajifunza kujipunguza mwenyewe kabla hajapunguzwa na wengine. Siku ambayo mtafiti atauliza swali lake kijijini na kujibiwa "Nalima", kwa kikomo mwishoni, tutajua kwamba historia hii imeanza kusahihishwa.